Uvimbe Ulio Juu ya Pua na Nyuma ya Macho



Mtu akivimba shavu, jirani wote wanaona. Akivimba mguu, atamwonyesha daktari. Lakini kuna uvimbe unaoota mahali ambapo hakuna jirani anayeweza kuuona: chini ya ubongo wa mbele, juu ya pua, katikati ya macho. Unaweza kukaa huko miaka mingi na mwenyewe asijue. Na ukianza kujitokeza, haujitokezi kama uvimbe. Unajitokeza kama mama anayeunguza maharagwe akiwa ameketi hapo hapo jikoni. Unajitokeza kama mzee anayegonga miimo ya mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, au kama mtu mpole ambaye pole pole amekuwa hana haya. Ndiyo sababu wagonjwa wa namna hii hupelekwa kila mahali kabla ya kupelekwa hospitali, na wakati huo wote macho yanazidi kwenda.

Sio ugonjwa wa watu wengi. Tunasema hivyo mapema ili mtu asisome ukurasa huu kisha aanze kujishika kichwa kila asubuhi. Kichwa kikiuma, mara nyingi ni malaria, presha, macho yanayohitaji miwani, au shida za nyumbani. Hata hivyo ni vizuri kikundi kiwe na watu wawili watatu wanaojua dalili hizi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hazijui.

MAHALI PENYEWE

Tufananishe kichwa cha mtu na nyumba ya ghorofa. Juu umekaa ubongo. Chini kuna pua na macho. Katikati kuna sakafu ya mfupa, na hiyo sakafu ya mbele ndiyo tunayoizungumzia. Ni mfupa mwembamba sana. Sehemu yake ya katikati ina vitundu vingi vidogo kama chujio la chai, na ndani ya vitundu hivyo hupita nyuzi zinazopeleka harufu kutoka puani hadi kwenye ubongo. Nyuma kidogo hupita neva mbili za macho, ambazo hukutana na kupishana mahali pamoja. Chini ya njia panda hiyo, ndani ya kijishimo cha mfupa, kuna tezi ndogo kama punje ya minji iitwayo pituitari. Ni ndogo lakini inaamrisha mambo makubwa: hedhi, maziwa ya mama, kukua kwa mwili, nguvu za kila siku.

Ukishaelewa ramani hii, dalili zote zinaeleweka. Kitu kikiota hapo, lazima kiminye mojawapo: harufu, macho, tezi, au ubongo wa mbele.

Uvimbe wenyewe sio wa aina moja. Kuna unaotoka juu, kwenye utando unaofunika ubongo. Madaktari huuita meninjioma, jina lililotungwa mwaka 1922 na Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa Marekani. Huu mara nyingi sio kansa. Hausambai mwilini, hukua pole pole sana, pengine milimita moja au mbili kwa mwaka, na wanawake huupata karibu mara mbili ya wanaume. Lakini neno "sio kansa" lisitulaze usingizi. Ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada. Kitu kisicho kansa kikifikia ukubwa wa chungwa, kitaminya ubongo na macho vile vile.

Kuna unaoota katikati, kwenye ile tezi. Mwanamke anaweza kukosa hedhi bila kuwa na mimba, au akatokwa na maziwa na hana mtoto wa kunyonyesha. Mwingine huona pete haiingii tena kidoleni na viatu vimekuwa vidogo, na yeye ni mtu mzima aliyeacha kukua zamani. Aina hii ikipanda juu huminya ile njia panda ya macho, na mtu huacha kuona pembeni. Mbele anaona vizuri, hata kusoma anasoma, lakini baiskeli inayotoka kando haioni mpaka imemgonga.

Na kuna unaotoka chini, ndani ya pua na vile vyumba vya hewa vilivyo kando ya pua, kisha unatoboa ile sakafu kwenda juu. Hapa ndipo kansa zenyewe hupatikana zaidi. Dalili zake ni za pua: kuziba upande mmoja tu, damu inayotoka upande huo huo mara kwa mara, ganzi ya shavu, jicho kusukumwa nje. Mafua ya kawaida na nyama laini za puani kwa kawaida huziba pande zote mbili. Upande mmoja peke yake, kwa mtu mzima, wiki baada ya wiki, ni jambo la kuonyesha daktari.

Kwa watoto, neno moja tu: mtoto akitokeza jicho au akivimba taya kwa haraka, asingojewe hadi kliniki ya mwezi ujao. Apelekwe wiki hiyo hiyo. Zipo kansa za watoto ambazo hukua kwa muda wa siku na wiki, na baadhi yake hutibika vizuri zikiwahiwa.

TABIA IKIBADILIKA

Hapa nataka tukae kidogo, maanake ndipo watu wanapoumizana.

Ubongo ulio nyuma ya paji la uso ndio unaompa mtu kupanga kazi, kuona haya, kuzuia ulimi, na kuanza jambo akalimaliza. Ukiminywa pole pole, mtu hapigi kelele za maumivu. Anabadilika. Tuseme kikundi kina mweka hazina ambaye kwa miaka minane vitabu vyake havijakosa hata shilingi. Mwaka huu stakabadhi zinapotea. Anakuja mkutanoni amechelewa, nguo chafu, anacheka mahali pasipo na cheko. Siku nyingine amejikojolea na wala haoni aibu. Ukimuuliza pesa anajibu "ziko," kisha anaketi kama hakuulizwa kitu. Wanakikundi watasema nini? Wengine, amekula pesa. Wengine, ameanza chang'aa. Nyumbani watasema amelogwa na ndugu zake kwa ajili ya shamba, na hapo maboma mawili yataacha kusalimiana. Kila mmoja ana ushahidi wake. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama bado anasikia harufu ya kahawa.

Sisemi kwamba kila mweka hazina aliyepoteza pesa ana uvimbe. Wengi wamekula tu! Vitabu vikaguliwe kama kawaida. Lakini mtu aliyejulikana kwa tabia moja miaka yote, akigeuka akawa mwingine bila sababu inayoonekana, achunguzwe mwili kabla ya kuitwa mwizi au mwehu. Hata akipelekwa kwa daktari wa akili, ni haki ya familia kuuliza: "Je, amepigwa picha ya kichwa?"

Kwamba dalili hizi huandamana ni jambo linalojulikana tangu zamani. Miaka ya 1880 huko Roma, daktari Francesco Durante alimpokea mama wa miaka 35 ambaye hakusikia tena harufu, kumbukumbu zake zilikuwa zimepungua, na jicho lake la kushoto lilikuwa limesukumwa kutoka mahali pake. Wakati huo hakukuwa na eksirei, kwa sababu mionzi yake iligunduliwa mwaka 1895. Durante alifuata dalili peke yake. Alifungua fuvu akakuta uvimbe mkubwa umekalia ile sakafu ya mbele, akautoa, na mama yule akaishi miaka mingi. Ndugu zangu, kama maelezo ya mgonjwa yaliweza kumwongoza daktari wakati ule bila mashine, basi maelezo mazuri yatamsaidia pia afisa wa kliniki katika zahanati yetu isiyo na mashine.

MAMBO YA KUPIMA NYUMBANI

La kwanza ni pua. Mwambie mtu afumbe macho, azibe tundu moja la pua, kisha umsogezee kahawa ya unga, ganda la chungwa au sabuni ya kuogea. Halafu upande wa pili. Usitumie mafuta ya taa wala pilipili. Vitu hivyo huchoma ndani ya pua, na mtu asiyesikia harufu atasikia ule mchomo akakwambia "nasikia," ukadanganyika. Akikosa harufu, usiogope bado. Mafua makali huondoa harufu, ugonjwa wa Corona uliwaondolea wengi, ugoro huharibu pua, na uzee nao hupunguza. Wasiwasi huja pale ambapo harufu imepotea bila mafua, imekaa miezi bila kurudi, na pamoja nayo kuna jambo lingine: macho, tabia, au kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kutapika.

La pili ni macho, na hapa kuna kosa ambalo hufanyika sana. Mtu hupima macho yote mawili kwa pamoja. Jicho zima hulificha lile bovu! Funika moja, aangalie kalenda ya ukutani. Kisha funika la pili. Watu wengine hugundua siku hiyo kwamba jicho moja halioni, na hawajui lilianza lini. Kisha simama mbele yake, akutazame puani, na wewe uchezeshe vidole pembeni, kulia na kushoto. Kama hawaoni vidole ambavyo wewe unaviona vizuri, mwambie daktari.

Wengi wenye shida hii hununua miwani mara mbili, mara tatu, sokoni na mjini, na hakuna inayosaidia. Miwani hurekebisha jicho. Haiwezi kurekebisha neva inayominywa nyuma ya jicho. Kwa hiyo miwani mpya ikishindwa, usibadilishe duka, badilisha daktari. Kliniki ya macho ina kitaa kidogo cha kumulika nyuma ya jicho hadi kuona kichwa cha ile neva. Mwaka 1911 daktari Foster Kennedy alieleza kwamba uvimbe wa sehemu hii unaweza kufanya neva ya jicho moja ipauke na kufa, na ya jicho la pili ivimbe. Kwa kitaa hicho daktari wa macho anaweza kuwa wa kwanza kujua kwamba shida sio ya jicho.

Andikeni haya yote kwenye karatasi kabla ya kwenda: dalili gani ilianza, mwezi gani, upande gani. Na mgonjwa asiende peke yake. Mtu ambaye ubongo wake wa mbele umeminywa atamwambia daktari kwamba hana shida yoyote, na atasema hivyo kwa furaha kabisa.

SABABU ZAKE

Kwa wagonjwa wengi hakuna anayeweza kusema uvimbe umetoka wapi. Sio laana, wala hauambukizwi kwa kula pamoja. Lakini mambo mawili yanatuhusu.

Moja ni vumbi la mbao. Miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona kwamba mafundi wa samani katika eneo la High Wycombe walikuwa wakipata kansa ya vyumba vya pua kupita watu wengine. Uchunguzi ukaendelea, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Mbao ngumu ndizo mbaya zaidi, na mafundi wa ngozi na viatu nao walionekana kuwa hatarini. Vikundi vyetu vya vijana vina karakana za useremala, na mara nyingi nimekuta kijana anapiga msasa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua, nyusi zote nyeupe. Kazi ya msasa ifanyiwe kibarazani. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Vumbi lisipulizwe kwa pampu ya upepo. Pesa za kikundi zikinunua randa mpya, zinunue na barakoa nzuri zinazokaa usoni sawasawa.

La pili ni sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Mwaka 2024 uchunguzi uliofanywa Ufaransa ulionyesha kwamba wanawake waliodungwa dawa ya aina hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi walipata meninjioma ya kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara tano kuliko wasiodungwa. Msimamo wa Kanisa juu ya njia hizo unajulikana, na sitautumia uchunguzi huu kumtisha mtu. Mara tano ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo, na wanawake walio wengi sana kati ya waliodungwa hawatapata uvimbe huu. Lakini mama aliyedungwa miaka mingi ana haki ya kujua na kumuuliza nesi. Na yule ambaye tayari ameambiwa ana meninjioma amweleze daktari kuhusu sindano hiyo, hata kama aliona aibu kuitaja.

HOSPITALI ITAFANYA NINI

Zahanati haiwezi kuona uvimbe huu. Kazi yake ni kuandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti. Picha ya eksirei ya kawaida haitoshi, inatakiwa skani ya CT, au ile ya MRI ambayo huonyesha ubongo na neva vizuri zaidi. Uvimbe ukionekana, mgonjwa atapelekwa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo, kama vile Kenyatta Nairobi, hospitali ya rufaa ya Moi huko Eldoret, au Kijabe.

Sio kila uvimbe hukatwa. Meninjioma ndogo isiyosumbua inaweza kuachwa, mgonjwa akapigwa picha tena kila mwaka. Hiyo sio kupuuzwa, na msiseme daktari ametukataa. Uvimbe wa tezi wa aina ile inayoleta maziwa mara nyingi hunywea kwa vidonge tu, bila kisu. Mwingine hutolewa kwa kufungua mfupa wa paji la uso, na mwingine kwa kupitia puani kwa kamera nyembamba bila kidonda cha nje. Kansa huhitaji pia mionzi, na pengine dawa za kansa.

Nini kitarudi baada ya upasuaji? Harufu, mara nyingi hairudi. Tabia na akili mara nyingi hupata nafuu, ingawa kwa miezi. Macho hutegemea yameminywa kwa muda gani. Neva iliyominywa karibuni inaweza kufufuka, iliyokwisha kufa haifufuki. Hapo ndipo kuchelewa kunapogharimu. Familia inayokwenda hospitali mwezi wa tatu na ile inayokwenda mwaka wa tatu zinaweza kufanyiwa upasuaji ule ule na daktari yule yule, moja ikarudi na mtu anayeona, nyingine ikarudi na mtu wa kushikwa mkono.

Kuhusu pesa, NHIF haipo tena. Mpango wa SHA ulianza mahali pake Oktoba 2024. Familia isiyo na mshahara hukadiriwa mapato yake, hulipa asilimia 2.75 na sio chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Wengi hukwama hapo kwenye ile ya mwaka mzima. Kikundi kinaweza kumkopesha mwanachama pesa hizo akiwa bado mzima, arudishe kidogo kidogo kila mkutano. Hiyo ni rahisi kuliko kuitisha harambee mtu akiwa tayari kitandani, na bima imekwisha muda wake. Na harambee bado itahitajika, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha anayemsindikiza mgonjwa, bima hailipi.

Padre aitwe kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu kabla ya upasuaji. Sakramenti hiyo ni ya wagonjwa, sio ya wanaokata roho tu, na haizuii mtu kuwahi gari la asubuhi la kwenda hospitali.

AKIRUDI NYUMBANI

Angalieni pua yake kwa wiki kadhaa. Maji meupe yakidondoka puani, hasa akiinama, na yana ladha ya chumvi, hayo huenda sio mafua. Yanaweza kuwa maji ya ubongo yanayovuja kupitia ile sakafu, na njia hiyo hiyo inaweza kuingiza ugonjwa wa uti wa mgongo. Arudi hospitali siku hiyo. Asipenge kamasi kwa nguvu, asibebe ndoo wala gunia mpaka daktari aruhusu. Dawa za kuzuia kifafa na za kupunguza uvimbe wa ubongo asiache ghafla eti amejisikia vizuri. Picha za skani ziwekwe pakavu bila kukunjwa, maana daktari atazilinganisha na za mwaka ujao.

Kama harufu haikurudi, nyumba nzima ijue. Asiachwe peke yake na mtungi wa gesi, kwa sababu gesi ikivuja hatasikia. Maziwa na nyama vionjwe au vinuswe na mtu mwingine kwanza. Na akiweka maharagwe motoni, mtoto mmoja akae naye jikoni akifanya kazi zake za shule.